Sauti iliyopasuka, pua iliyovimba, geti lililopinda: maswali yenu kuhusu "distoshani"

Walioandika safari hii hawafanyi kazi moja. Yumo mfasiri, fundi sauti, mpiga picha, mwenye kiwanja na fundi wa mageti, na wote wamelalamikia kitu wanachokiita kwa jina moja. Tumeyapanga maswali jinsi yanavyoshikana. Mafupi yako mwishoni.

Ninafasiri mwongozo wa mitambo ya sauti. "Distoshani" niiandike upotoshaji, upotovu, au mkwaruzo? (Mfasiri, Zanzibar)

Inategemea nani kafanya nini. Shina ni lile la kupota, yaani kusokota uzi au kamba. Kutoka hapo tukapata potoa, potoka na potosha. Neno la Kilatini lililozaa distoshani nalo lilikuwa na maana hiyo hiyo ya kusokota, kwa hiyo lugha mbili zisizojuana zilianza na kamba zikaishia kwenye uongo.

Upotovu umeshachukuliwa na tabia mbaya. Ukiandika "upotovu wa amplifaya", msomaji atadhani amplifaya imeacha dini. Upotoshaji una mtu nyuma yake mwenye nia, kwa hiyo unafaa kwa habari za uongo na takwimu zilizopindwa. Kwa kitu kinachopinda chenyewe, tumia kitenzi kupotoka: wimbi limepotoka, umbo limepotoka. Mkwaruzo unafaa kwa kile sikio linachokisikia, ila hauwezi kusema lolote kuhusu lenzi wala ramani. Na mafundi wako watasema distoshani hata uandike nini, hivyo iweke mara moja mwanzoni ili wajue mnazungumzia kitu kile kile.

Kwa mafundi wote maana ni moja: kinachotoka hakina umbo la kilichoingia. Swali linalofuata ndilo lenye faida. Je, umbo limehamishwa au limekatwa? Lililohamishwa kwa kanuni inayojulikana hurudishwa. Lililokatwa halirudi.

Kwaya yetu ina amplifaya ya wati 150 na spika mbili zilizoandikwa wati 300 kila moja. Twita (vispika vidogo vya sauti za juu) zimeungua mara tatu mwaka huu. Muuzaji anasema amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Tatizo liko wapi? (Kiongozi wa kwaya, Mwanza)

Muuzaji kakosea, na ni kosa la watu wengi. Amplifaya haina sauti isiyo na mwisho. Ndani yake kuna umeme wa volti fulani, tuseme 35 juu na 35 chini ya sifuri, na wimbi haliwezi kuvuka hapo. Ukiisukuma zaidi, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa kama mti uliopunguzwa kwa panga. Wimbi laini lenye kilele cha volti 35 kwenye spika ya omu 8 hubeba wati kama 77. Wimbi lile lile likikatwa hadi kuwa mraba kamili hubeba wati 153, karibu maradufu, bila kilele chake kupanda hata volti moja. Kwa hiyo amplifaya ya wati 150 inayolia kwa kupasuka inaweza kutoa zaidi ya ilivyoandikwa.

Lakini kwa nini twita, na si spika kubwa? Sababu ni mbili. Kukata kilele huzaa sauti mpya ambazo hazikuwemo: mara tatu, mara tano, mara saba ya sauti ya asili, na hizo huelekea juu, kwenye njia ya twita. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Besi ndiyo inayogonga dari kwanza. Ikishagonga, haiongezeki tena, ila sauti za juu, ambazo zilikuwa ndogo, zinaendelea kupanda kila mnapoongeza. Zile wati 300 zilizoandikwa kwenye kasha ni za kasha zima. Twita yenyewe mara nyingi haivumilii zaidi ya wati 10 hadi 25 mfululizo, kwa kuwa koili yake ni ya uzi mwembamba usio na pa kupozea joto.

Dawa si kununua twita ya nne. Anzeni na mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Shusheni feda (vitelezi vya sauti) zote, amplifaya ikiwa imezimwa. Bonyezeni kitufe cha PFL cha chaneli moja, kinachopeleka sauti yake kwenye mita kabla haijapita kwenye feda, kisha mwimbaji aimbe ile sehemu anayopaza kuliko zote. "Wani tu, wani tu" ya kunong'ona haipimi kitu. Pandisheni kitasa cha geini, kile kinachokuza sauti inapoingia, mpaka mita icheze kwenye 0 na vilele viguse +6 hivi. Taa nyekundu ikiwaka, rudisheni kidogo. Kwenye mikisa ya dijitali lengo ni −18, na vilele visivuke −6, kwani dijitali ikifika 0 imefika ukutani. Baada ya hapo wekeni feda kwenye alama yake ya 0, feda kuu vilevile, ndipo muiwashe amplifaya na kuipandisha taratibu mpaka ukumbi utoshe. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza.

Ikiwa kwa mpangilio huo taa ya amplifaya bado inawaka nyekundu kwenye kila pigo la ngoma, basi kweli ni ndogo kwa ukumbi wenu. Taa ikimulika mara moja moja si neno. Ikikaa imewaka, twita inaungua wakati huo huo.

Jambo moja hukosewa sana: sauti ikikatwa mapema, kwenye geini ya chaneli, kushusha feda hakusaidii. Mnakuwa mmepata sauti iliyopasuka kwa upole. Vivyo hivyo simu iliyochomekwa kwenye tundu la maikrofoni. Maikrofoni hutoa sehemu chache tu za elfu moja ya volti, simu hutoa nusu volti au zaidi. Itumieni kwenye tundu la laini, simu yenyewe ikiwa kwenye asilimia 80 au 90.

Honi za juu ya paa zinapasuka maneno hata sauti ikiwa ya wastani. Tumebadilisha amplifaya, hali ni ile ile. (Msimamizi wa vifaa vya msikiti, Tanga)

Basi si amplifaya. Mnailisha honi chakula isichokiweza. Honi nyingi za paa haziwezi kubeba sauti zilizo chini ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 300. Sauti ya mwanamume huanza karibu na Hz 100. Zile za chini zikifika kwenye honi, hewa haiushikilii tena utando wake. Utando hucheza mbele na nyuma kwa nguvu bila kutoa sauti ya maana, na konsonanti zinazopita wakati huo hutikiswa pamoja nao. Hicho ndicho mnachokisikia kama kupasuka. Mwisho wake utando hupasuka kweli.

Zikateni sauti za chini kabla hazijafika huko. Kama mikisa ina kitufe cha kukata besi, kibonyezeni, kisha shusheni kitasa cha besi cha chaneli hiyo mpaka mwisho. Msiogope sauti kuwa nyembamba. Simu za mezani zilibeba Hz 300 hadi 3400 tu na kila mtu alimtambua mamake, maana sikio hujaza lenyewe sauti ya chini iliyokosekana.

Kama mikisa hakuna, wekeni kapasita moja kwenye waya mmoja wa kila honi, mfululizo. Kwa honi ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 47 hukata chini ya Hz 420 hivi. Kwa omu 16, mikrofaradi 22 hukata karibu na Hz 450. Iwe ile isiyo na alama ya chanya na hasi, ya volti 100 au zaidi. Ile ya kawaida yenye mstari wa hasi itavimba na kupasuka. Hesabu hii ni ya honi zilizounganishwa moja kwa moja. Zenye transfoma ndogo ya laini ya volti 100 zina hesabu nyingine, na kwa hizo kateni besi kwenye amplifaya tu.

Spika zangu zinanguruma. Hiyo nayo ni distoshani? (Bila jina)

Hapana. Nyamazisha kila kinachoingia. Ngurumo ikibaki, hiyo ni kelele: imeongezwa kutoka nje, aghalabu na umeme wa Hz 50 kupitia waya mbovu au ardhi isiyofungwa vizuri. Distoshani hutokana na sauti yenyewe. Sauti ikinyamaza nayo hunyamaza.

Nimerekodi mahojiano ya saa nzima, sauti yote imepasuka. Inaweza kusafishwa? (Mwandishi wa habari, Nairobi)

Kidogo. Rekodi ya kawaida huchukua vipimo 44,100 kwa sekunde. Pale ambapo vipimo vitatu vinne vimegonga dari, programu inaweza kukisia kilele kilikuwa wapi kwa kutazama mteremko wa pande mbili. Audacity ina zana iitwayo Clip Fix ifanyayo hivyo. Shusha kwanza kiwango cha rekodi nzima ili vilele vipya vipate nafasi ya kupanda, kisha jaribu kwenye sekunde 10 kabla ya kuigusa saa nzima. Pale ambapo mamia ya vipimo mfululizo ni bapa, hakuna cha kukisia: sauti ya juu, ya kati na ya chini zote zimeandikwa kwa namba moja, na hakuna programu itakayojua ipi ilikuwa ipi. Safari ijayo acha vilele vifike −12. Kupandisha rekodi ndogo ni kazi ya dakika moja.

Kama distoshani ni ubovu, kwa nini wapiga gitaa wanalipa pesa kuinunua? (Mpiga gitaa, Bukavu)

Kwa sababu zile sauti mpya zinazozaliwa na kukatwa zina uhusiano wa namba kamili na sauti ya asili. Ukipiga noti moja, ziada hizo huinenepesha na kuirefusha, maana wimbi lililokatwa hubaki na ukubwa ule ule hata waya wa gitaa unapoanza kufifia. Ukipiga noti mbili kwa pamoja mambo hugeuka. Jumla na tofauti ya noti hizo nazo huzaliwa, na nyingi hazipatani na chochote. Ndiyo maana wapigaji wa aina hiyo hupenda noti ya kwanza na ya tano tu, na ndiyo maana ule mtiririko safi wa gitaa za rumba, wenye vidole vingi na noti zinazopishana, ungegeuka uji ukiupitisha humo.

Ilianza kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, chombo kimoja cha studio kiliharibika katikati ya kurekodi, besi ya mpiga gitaa Grady Martin ikatoka inakoroma, na wenye wimbo wakaiacha hivyo hivyo. Mwaka 1962 kikauzwa kisanduku cha miguuni, Maestro Fuzz-Tone, kilichotengenezwa kuiga ubovu ule. Vipo viwili vya kujua. Kinachokata kwa ukali hutoa mkoromo wa nyuki, na kinachokata kwa kulainisha kingo hutoa kile kinachoitwa "ovadraivu", ambacho hufuata nguvu ya mkono wako. Geini ya kisanduku ianze robo, si nusu. Karibu kila anayeanza huweka nyingi mno, halafu anashangaa kwa nini hasikiki kwenye bendi. Amejibana mwenyewe: pigo dogo na kubwa yametoka sawa.

Lakini wewe uko Kongo, na mfano bora uko kwenu. Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la Mingiedi Mawangu, walitaka likembe zao, vile vinanda vya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zisikike katikati ya kelele za jiji. Wakajitengenezea maikrofoni kwa vyuma na sumaku za magari mabovu, wakatumia vipaza sauti vya honi. Likembe zikatoka zinakoroma, na mkoromo ule ukawa jina lao duniani. Wala sikio la huku halikuwa geni kwa hilo. Likembe nyingi tangu zamani hufungwa vipande vya bati au pete kwenye vyuma vyake ili vilie pembeni ya noti. Aliyezoea sauti "safi" ya studio huliita hilo kosa. Mwenye chombo huona noti isiyokoroma haijaiva.

Kwa nini pua yangu ni kubwa kwenye selfi kuliko kwenye kioo? Simu yangu ni ghali. (Msomaji, Dar es Salaam)

Bei ya simu haihusiki, na lenzi haijakosea. Ni umbali. Kwa selfi ya sentimita 30, pua iko 30 kutoka kwenye lenzi na masikio yako kama 42. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa kwa uwiano huo, yaani pua imekuzwa mara 1.4 ukilinganisha na masikio. Simama mita 1.5: pua iko 150, masikio 162, uwiano 1.08. Mpe mtu simu, arudi nyuma hatua mbili, akuze kwa mara 2. Kukuza hakubadilishi umbo la uso. Kurudi nyuma ndiko kunakobadilisha.

Watu wa ukingoni katika picha ya kundi wana tatizo lingine. Lenzi pana hulazimika kuutandaza ulimwengu kwenye bapa, na ili mistari ibaki minyoofu hulipa kwa kuvinenepesha vitu vya pembeni. Kwa kamera kuu ya simu nyingi, kichwa cha mtu wa mwisho kushoto au kulia hupanuka kwa karibu robo. Mpangaji picha mwerevu huweka mistari miwili au mitatu badala ya mmoja mrefu, huacha nafasi tupu pembeni, na hamweki bibi harusi mwishoni.

Kuna na ile ya kuta kuinama kama pipa, au kubonyea ndani kama mto uliokaliwa. Hiyo ndiyo distoshani ya lenzi hasa, na ndiyo rahisi kuliko zote kuirudisha. Kila nukta imehamishwa kwa kanuni moja kutoka katikati, hivyo programu huirejesha mahali pake. Simu yako hufanya hivyo kimyakimya kabla hujaiona picha.

Vigae vya sakafu vinaonekana vimepinda katikati. Nabadilisha miwani? (Mzee wa miaka 68, Mombasa)

Shikamoo mzee. Kwanza tafadhali funika jicho moja, utazame, kisha ubadilishe. Kama mistari inapinda kwa jicho moja tu, au imeanza ghafla, usiende kwa muuza miwani. Nenda kliniki ya macho leo au kesho. Huenda ni kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho) kilichovimba au kuvuja, na kuna magonjwa ya aina hiyo ambayo dawa yake hufaa ikiwahi.

Kipimo cha nyumbani kipo tangu enzi za daktari wa Uswisi, Marc Amsler. Ni mraba wa sentimita 10 uliogawanywa kwa vijimraba vya milimita 5, wenye nukta katikati. Ushikwe sentimita 30 kutoka usoni, miwani ya kusomea ikiwa imevaliwa, jicho moja kwa wakati, macho yasitoke kwenye nukta. Mstari uliopinda, kukatika au kufifia ni wa kumpelekea daktari.

Kama macho yote mawili yanaona hivyo na miwani ni mpya, hilo ni jepesi. Lenzi nene za kuonea mbali hufanya pipa, za kuonea karibu hufanya mto, na ubongo huzoea ndani ya wiki moja au mbili. Zikipita hizo bila nafuu, rudi wapime tena.

Hati inasema upande wa kiwanja ni mita 30. Kwa tepu napata 29.4. Aliyeniuzia ananiambia ni "distoshani ya ramani". Kweli? (Mwenye kiwanja, Dar es Salaam)

Amekuchezea. Ramani kweli hupotosha, ila twende kwa namba.

Mwaka 1827 Gauss alithibitisha kwamba uso wa tufe hauwezi kutandazwa kwenye bapa bila kuharibu kitu. Unachagua tu cha kuharibu. Mercator mwaka 1569 aliwafikiria mabaharia: alitaka pembe zibaki sahihi ili njia ya dira iwe mstari mnyoofu. Gharama yake ni ukubwa. Kwenye latitudo ya 60 kila urefu umekuzwa mara 2 na eneo mara 4, na kwenye 72, katikati ya Greenland, eneo limekuzwa zaidi ya mara 10. Ndiyo maana ukutani Greenland inatoshana na Afrika nzima, ilhali Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2.17. Kongo-Kinshasa peke yake, yenye milioni 2.34, ni kubwa kuliko Greenland. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiweka kando ramani hiyo na kutumia zinazolinda eneo, kama Equal Earth ya mwaka 2018. Tunaikubali kwa ukuta wa darasa. Nahodha ana haki ya kubaki na yake.

Sasa kiwanja chako. Ramani za upimaji hutumia mfumo uitwao UTM, unaoigawa dunia vipande vya digrii 6 ili makosa yawe madogo. Tanzania imo katika vipande vitatu, 35, 36 na 37. Dar es Salaam ipo karibu kabisa na mstari wa kati wa kipande cha 37, digrii 39 mashariki, na hapo urefu kwenye ramani ni 0.9996 ya urefu wa ardhini. Kilomita moja hupungua sentimita 40. Mita zako 30 zingepungua milimita 12, upana wa kidole. Zilizopotea kwako ni sentimita 60.

Kwanza pima upya, tepu ya chuma ikiwa imekazwa na kulala sawa, bila kufuata mabonde. Kisha hakikisha unapima kutoka kwenye mawe ya mpaka na si kwenye ukuta wa jirani, na namba za mawe zilingane na za kwenye mchoro wa kiwanja. Jiwe likiwa limehamishwa, huo ni upotoshaji wenye mtu nyuma yake, na anayeweza kulirudisha ni mpima ardhi aliyesajiliwa. Na usitumie simu kulitafuta. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Ukichanganya koordineti za huku na za kule utaangukia karibu mita 300 kutoka mahali ulipotaka, na simu yenyewe hukosea mita kadhaa hata bila hilo.

Mageti yangu yanatoka yamejikunja, hasa ya skweya paipu nyembamba. Nachomelea polepole na kwa uangalifu, ila bado. (Fundi wa kuchomelea, Kampala)

Huenda hiyo polepole ndiyo inayokuponza: joto linakaa. Mita moja ya chuma ikipata joto la nyuzi 100 zaidi hurefuka milimita 1.2. Ila karibu na mshono joto ni la kuyeyusha, na chuma cha pembeni, kilicho baridi, hakikiachii cha moto nafasi ya kutanuka. Hicho cha moto kinajibana na kunenepa pale pale. Kikipoa kinataka kurudi, kinakuwa kifupi kuliko kilivyoanza, na kinavuta kila kitu kuelekea upande ulikochomelea. Geti hujikunja wakati wa kupoa, si wakati wa moto.

Shika geti lote kwa nukta kwanza, usimalize kona hata moja. Nukta moja kwa kila kona, kwa mfuatano wa kuvuka: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto. Pima ulalo zote mbili, kona hadi kona, kwa tepu. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2 au 3, gonga kona ndefu kwa nyundo sasa, kwani baadaye utahitaji grainda. Ongeza nukta za pande zote, pima tena, ndipo uchomelee. Mishono iwe mifupi, sentimita 3 hadi 5, na ukimaliza mmoja ruka hadi upande wa mbali wa geti. Kila mshono uanzie mbele na kurudi kuelekea ule uliotangulia. Kwa paipu ya milimita 1.5, tumia kijiti cha milimita 2.5 na ampea 60 hadi 70, au cha 2.0 ukikipata. Usijaze. Mshono mnene mara mbili haushiki mara mbili, ila unavuta zaidi. Likiwezekana geti lifungwe kwa klampu kwenye meza nzito, au ufunge mageti mawili mgongo kwa mgongo, yavutane, na usiyafungue mpaka uweze kuyashika kwa mkono mtupu.

Lililokwisha kupinda hurudi kwa moto ule ule. Tafuta upande uliotuna, uwashe pembetatu ndogo hapo, kitako chake kikiwa kwenye ukingo wa nje wa utuno na ncha ikielekea ndani, mpaka iwe nyekundu hafifu tu, kisha iache ipoe. Itajivuta. Ikifika rangi ya chungwa umezidisha. Fanya moja, subiri, pima, kabla ya ya pili.

Feni inanguruma nikitumia inveta ya sola, kwa umeme wa kawaida inanyamaza. (Iringa)

Inveta yako ni ya wimbi la ngazi. Wimbi la mraba kamili lina distoshani ya asilimia 48. La ngazi ni nafuu kuliko hilo, na inveta ya wimbi laini kwa kawaida haivuki 3 hadi 5. Ile ziada ya Hz 150 na 250 haizungushi feni, inaipasha moto na kuitikisa. Taa na chaja nyingi hazijali. Feni, friji na pampu zinahitaji wimbi laini. Na multimita ya bei ndogo itakudanganya ukipima volti za inveta hiyo, kwa kuwa imetengenezwa kudhani kila wimbi ni laini. Tafuta iliyoandikwa True RMS.

Chati ya nguzo kwenye habari ilionyesha kampuni moja juu ya nyingine mara tatu, lakini namba ni 92 na 96. (Mwanafunzi, Dodoma)

Mhimili umeanzia 90. Jicho linaona 2 na 6, wakati tofauti halisi ni asilimia 4 na kidogo. Chora upya kutoka 0, dakika tatu zinatosha. Hapa, mfasiri wa Zanzibar, ndipo neno upotoshaji linapokaa.